Gololi Kwenye Fundo la Kanga

Mwanangu Tarmo,

Barua hii nitakupa mkononi kesho asubuhi ukiwa umeshapanda trekta la kijiji, ili usipate nafasi ya kushuka na kuanza kunihoji. Isome kabla hamjafika Karatu. Nasema kabla, Tarmo! Usiitie kwenye begi ukasema utaisoma Digodigo ukishapumzika. Nakujua wewe, kipande cha gazeti kilichofungia sukari unakisoma mpaka mwisho, lakini neno la mama yako linangoja Jumapili.

Sasa hivi ni mchana. Umekwenda kuaga kwa majirani na najua kila nyumba watakukalisha chini wakupe maziwa ya mgando, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Nimekaa hapa bandani, kwenye gogo lako la kufulia chuma, daftari nimeliweka magotini. Mdogo wako Paulina amenichongea penseli mbili, kisha akaniuliza, "Mama, unaandika nini kirefu hivyo?" Nikamwambia naandika orodha ya vyombo vyako. Huo ni uongo mdogo. Mkubwa ndio ninaokuandikia.

Usicheke mwandiko. Nilijifunza ukubwani kwenye darasa la watu wazima, unakumbuka, nikikaa dawati moja na bibi wa jirani aliyekuwa anasinzia. Mwalimu alikuwa akiniambia, "Mama Tarmo, wewe unaandika kama unavyosema, hupumui." Nikamjibu nikipumua nitasahau.

Nguo zako nimezifunga, chumvi iko kwenye kikopo, na habari za kula na kulala sitakufundisha, maana mtu wa miaka ishirini na mmoja asiyejua kula hatafundishwa na karatasi. Nataka tuzungumze habari za vyombo vya kazi. Tumevitafuta miaka miwili, mimi na wewe, na kuna mambo katika kule kuvitafuta ambayo hukuyaona.

Nianze na baba yako. Marehemu Bura hakuzaliwa kwenye ukoo wa wahunzi. Kazi aliipata kwenye karakana ya shamba la ngano la mzungu, huku huku juu Mbulumbulu, akianza kwa kuvuta mivukuto, baadaye akinyoosha majembe ya trekta. Mzungu alipofungasha kuondoka aliacha vitu vingi vimetupwa nyuma ya ghala, na baba yako akaomba apewe fuawe, lile pande la chuma la kufulia, iliyovunjika pembe. Mzungu akacheka, akamwuliza fuawe isiyo na pembe ataifanyia nini. Baba yako akasema yeye anataka mgongo wake tu, pembe awapelekee ng'ombe. Wakaibeba watu wawili, yeye na mdogo wake Safari, wameifunga kwa kamba na kuining'iniza kwenye mti mabegani. Kutwa nzima walikuwa njiani, wakipumzika kila penye kivuli. Walipofika, bega la Safari lilikuwa limechunika mpaka damu, na nililipaka samli mwenyewe. Nakuomba ulikumbuke bega hilo, nitalirudia.

Ulipozaliwa baba yako alipiga alama ya tindo ubavuni mwa fuawe ile. Alipozaliwa Paulina akapiga ya pili.

Na ile gololi uliyozoea kuichezea ilitoka kwenye beringi la trekta la shamba hilo hilo. Baba yako alitembea nayo mfukoni maisha yake yote. Mtu akimletea chuma, kabla ya kuuliza kinatoka wapi, anakiweka chini, anaiachia gololi juu yake. Chuma kigumu kinairudisha juu. Chuma laini kinaipokea na kunyamaza. Chuma chenye ufa kinatoa sauti ya sufuria lililotoboka. Alinifundisha kwa sababu nilikuwa namwuliza kila mara kama anacheza au anafanya kazi.

Alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, alinipa gololi mkononi akaniambia, "Fuawe ni ya Tarmo. Hii shika wewe mpaka utakapomkabidhi." Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nikaahidi.

Sasa tuje kwenye mambo yetu. Uliporudi kutoka kwa fundi wako wa Rhotia, miaka miwili iliyopita, ulikuwa na mikono ya kazi na huna hata nyundo. Uliniambia unataka kwenda Arusha kununua vyombo vipya vyote kwa pamoja. Nilikucheka mpaka ukanuna. Arusha gani, mwanangu, wakati sabuni yenyewe tunaipangia foleni! Tangu vita viishe madukani kumebaki rafu. Nikakuambia niachie mimi, wewe choma mkaa. Nikaanza kuzunguka gereji za Karatu na ile gololi.

Walinipa jina, unajua? Mama Gololi. Nikitokea tu, vijana wa gereji wanaitana, "Jamani, Mama Gololi huyo, ficheni vyuma!" Mimi huyo, nakwenda mpaka kwenye lundo, nafungua fundo la kanga, naiachia gololi juu ya kila kitu. Walicheka, lakini baada ya miezi michache walikuwa wakiniwekea vitu pembeni, eti mama atakuja kuvipima. Springi ile ya lori unayokata visu ilitoka hapo. Ile rimu tuliyoikandika udongo ikawa jiko lako la moto, walinipa bure kwa sababu imepinda. Nondo za kutengenezea koleo zilikuwa zimeziba shimo la choo chao, nikawachongea miti mizuri nikawabadilishia. Tupa zilizokwisha meno walikuwa wanazitupa, ukanifundisha wewe kwamba tupa mzee ni kisu ambacho hakijazaliwa. Tangu hapo nikiona tupa kwenye takataka roho inanidunda.

Nyundo nilizipata vichwa vitupu, na mipini ya mzeituni pori ukachonga mwenyewe. Mivukuto nilishona mimi, ngozi za mbuzi wawili, na usisahau kuipaka mafuta, hali ya hewa ya kule kwenu mpya ni kavu kuliko huku kwenye ukungu, itapasuka. Basi, nilisema sitatoa maagizo. Hilo moja limenitoroka.

Siku niliyokosea unaikumbuka, maana hukuniacha nipumzike mwezi mzima. Nilikuja na chuma kile cha mashine ya kusaga, kikubwa, kimepakwa rangi ya kijani kinang'aa, nimembebesha punda kutoka Karatu. Nilikuwa nimetoa mbuzi wangu jike kwa ajili yake. Nilikipenda kwa macho, Tarmo, nikaona aibu kudondosha gololi mbele ya mwenye mashine kwa sababu alinikaribisha chai. Ukaweka chuma cha moto juu yake, ukapiga mara moja, kikapasuka katikati. Chuma cha kumimina! Ukanitazama, ukasema, "Mama, ungekunywa chai halafu ukadondosha." Ulikuwa sahihi. Chochote utakachonunua kule, hata kwa rafiki, hata kwa padri, dondosha kwanza. Anayekuuzia kitu kizima hataumia.

Ndipo ukachukua kile kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, ukakizamisha kwenye gogo hili nililokalia, ukafanya ndiyo fuawe. Umefulia majembe ya nusu ya kijiji juu ya kitu kidogo kama kiganja. Nilikuwa nakaa jikoni nasikia nyundo inavyoteleza na wewe unavyolaani, na kila ukilaani nilikuwa najua unamlaani nani. Siku moja ulisema kwa sauti, "Siku nikipata fuawe yangu, nitapita nayo mbele ya nyumba ya Safari aione." Hukumwita hata baba mdogo. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua.

Kabla sijafika huko niseme jambo jingine, maana naona mkono unachelewa wenyewe. Mwaka jana yule mzee wa Kimasai kutoka Ngorongoro alipokuja kuchukua kengele za ng'ombe wake, alijipaka mafuta viganjani kwanza ndipo akapokea. Ulinuna. Ulitaka kumnyang'anya. Kwao ndivyo ilivyo, kitu kikitoka mkononi mwa mhunzi kinapokelewa kwa mkono uliopakwa mafuta, kuepuka najisi, na huko unakokwenda utawaona wengi. Baba yako alikuwa akiwawekea mafuta ya kondoo kwenye kikopo hapo mlangoni. Wakija anawaambia, "Pakeni, jamaa zangu, pakeni, hata mimi mwenyewe mikono imenikauka." Wakacheka, wakakaa, wakaagiza na sime. Kikopo kile nimekitia kwenye mzigo wako, kipo chini ya tindo.

Ningekuwa na mafuta ya kujipaka kabla ya kushika neno hili ninalotaka kukuambia, ningejipaka mpaka kwenye viwiko.

Baba yako mdogo hakuchukua fuawe ya baba yako. Niliitoa mimi.

Nimeandika. Nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi nimekaa. Sasa nikueleze yote.

Mwaka ule aliofariki baba yako mvua ilikatika mahindi yakiwa kimo cha goti. Ulikuwa na miaka tisa. Paulina alikuwa bado ananyonya na maziwa yalikuwa yamenikauka. Baba yako mdogo, baada ya msiba, alikuwa ameondoka na ng'ombe wake na wa kwetu waliobaki, kwenda mbali kutafuta majani, la sivyo wangekufa wote. Ghala lilikuwa tupu. Nilikuwa nawapikia mboga za porini, na wewe ulikuwa unaniambia umeshiba huku tumbo linaunguruma nikilisikia. Maji yalinifika shingoni, mwanangu. Ndipo akapita mtu wa lori, mnunuzi wa chuma chakavu, na nyuma ya lori alikuwa na magunia ya mahindi. Akaniuliza kama nina chuma kizito. Nikamwonyesha.

Magunia mawili na debe la maharage. Vijana wake walipokuwa wanaiinua nilijiambia chuma ni chuma, mvua ikinyesha nitapata kingine. Miaka hii miwili ya kudondosha gololi kwenye kila takataka ya Karatu ndiyo iliyonifundisha nilichokitoa. Sijapata kukutana na kingine. Lakini kwa kuitoa sikuombi msamaha, Tarmo. Mlikula. Ningerudi siku ile ningeitoa tena.

Ninachokuombea msamaha ni jioni yake. Ulirudi shule ukakuta gogo tupu. Ukauliza, "Mama, fuawe ya baba iko wapi?" Nilikuwa nimeshakuambia ni yako, kila siku tangu tumzike. Nikakutazama nikaona siwezi kukwambia kwamba mama yako ameshindwa hata kukutunzia kitu kimoja. Ulimi ukasema wenyewe, "Baba yako mdogo ametuma watu waichukue." Na watu wakaamini, kwa sababu ndivyo inavyokuwa mara nyingi, ndugu wa marehemu anakuja anabeba vyombo. Kesho yake walikuwa wananipa pole kisimani. Nikazipokea! Mjinga mimi, nikazipokea pole za watu.

Baba yako mdogo alirudi baada ya siku chache. Maneno aliyakuta kisimani kabla hajafika kwake. Akaja moja kwa moja hapa, na vumbi lake la safari, fimbo mkononi. Akasimama mlangoni. Akatazama gogo, akatazama magunia kwenye kona, akawatazama nyinyi mnavyokula ugali. Mimi nikaanza kulia tu. Akaniuliza, "Shemeji, watoto wamekula?"

"Wamekula."

"Basi yaishe. Na iwe mimi."

Akageuka akaondoka. Nilidhani ni jambo la wiki moja, nitapata nguvu nitakuambia. Imekuwa miaka kumi na miwili. Wiki ikipita bila kusema, inayofuata ni ngumu zaidi, na ukishazoea kubeba kitu hicho unasahau kwamba kuna mtu mwingine amebeba upande wa pili.

Unakumbuka viatu? Ulipomaliza darasa la saba alikuletea viatu vyeusi, vipya, sijui alivitoa wapi. Ulivichukua kwa vidole viwili ukavitundika kwenye ua, huko nje, na mvua ya mwezi mzima ikavinyeshea mpaka vikaoza. Alikuwa anapita barabarani na ng'ombe wake anaviona. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nikisikia kengele za ng'ombe wake zinapita, nami nashika ufagio. Mara ngapi umekutana naye njiani ukatazama mlimani? Mtoto wa kwetu kutomwamkia baba yake mdogo, na kijiji kizima kinaona, na yeye hajawahi kusema hata nusu ya neno. Nimekulea vizuri kwa kila kitu isipokuwa hilo, na hilo nimekufundisha mimi.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki tatu zilizopita. Ulikuwa umeshapata habari ya Digodigo, kwamba fundi wao wa zamani macho yamemwishia na kijiji kimekuwekea banda. Nilikwenda Karatu kupanga foleni ya mafuta ya taa kwenye duka la Mzee Saidi. Foleni ilikuwa ndefu, ikazunguka mpaka lango la nyuma panapoteremshiwa mizigo, ambako mimi sijawahi kufika. Lango lilikuwa limezuiliwa lisifungwe na upepo, kwa chuma kilichojaa matope ubavuni, juu yake kamba ya punda imefungwa. Unajua mkono wangu ulivyozoea. Nikafungua kanga, nikaiachia gololi kutoka usawa wa kiuno.

Ikarudi mkononi, Tarmo. Ikarudi yenyewe, nikaidaka.

Nikapiga magoti mbele ya watu wote wa foleni, nikaanza kukwangua matope kwa kucha. Pembe imevunjika. Ubavuni alama mbili za tindo. Mama mmoja akauliza kama nimeanguka. Mzee Saidi akatoka, na barakashia yake, akasimama juu yangu.

"Mama, hiyo haiuzwi. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, Mzee wangu?"

"Safari. Mdogo wake marehemu Bura."

Akanisimulia pale pale. Lile lori la chuma lilizidiwa mzigo, likavunjika springi pale Karatu, na yule mtu akapunguza vyuma kwa Mzee Saidi. Siku chache baadaye Safari akaja kwa miguu, akiulizia lori la chuma njia nzima. Akatoa mtamba wake, katika mwaka ule ambao mtamba aliye hai alikuwa ni mali, akaikomboa. Nikamwuliza Mzee Saidi, mbona hakuichukua?

"Nami nilimuuliza," akasema. "Aliniambia akiipeleka kwako mwaka ule, njaa itakulazimisha uitoe tena. Akiiweka kwake, kijana ataiona uani na atajua ni kweli iliibwa. Akaniomba ikae hapa mpaka Mama Tarmo afike mwenyewe. Nimekungoja sana, mama. Kila wiki unakuja dukani, lakini unaishia mbele."

Mwanangu, mafuta ya taa sikuchukua. Tulilala bila taa wiki ile na ukaniuliza kwa nini, nikasema yaliisha. Uongo mwingine. Nitauhesabu baadaye.

Nilikwenda kwake siku ile ile. Nilimkuta anaziba zizi kwa miiba. Amezeeka, Tarmo, humtazami ndiyo maana huoni, nywele zote nyeupe. Nilitaka kupiga magoti akanizuia, "Shemeji, kuna mavi ya ng'ombe, utachafua kanga." Nikamwambia nimeiona. Akaendelea kuchomeka miiba. Nikamwambia nisamehe. Akasema alishanisamehe siku aliyowaona mnakula. Na shati lake lilikuwa limechanika begani, nikaliona lile kovu la mti wa kubebea fuawe, lipo mpaka leo. Nikalia njia nzima kurudi nyumbani, na wewe ukadhani ni kwa sababu unaondoka.

Tangu siku hiyo nimejaribu kukuambia mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unakula, nikaona nitakuharibia chakula. Mara ya pili ulikuwa unaimba ukifunga mivukuto. Mara ya tatu ulinishika mkono ukasema, "Mama, wewe ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuniongopea." Nikaenda kukojoa nyuma ya nyumba, na mkojo wenyewe haukuwepo.

Kasirika. Unayo haki, na mimi sitakukimbia. Hata ukikaa mwaka mzima Digodigo hujaniletea salamu, nitajua ni kwa nini, na nitakungoja nikiwa hapa hapa kwenye gogo. Ninaogopa, sikufichi. Naogopa kuliko mwaka wa njaa. Lakini hasira yako iache Mbulumbulu, iwe yangu peke yangu, usiende ukaimwaga Karatu kwa mtu aliyebeba kosa langu miaka kumi na miwili.

Nakupenda, mwanangu. Nilikupenda nilipoitoa fuawe na nilikupenda nilipokudanganya, na hiyo ya pili ndiyo inayoniuma, kwamba mtu anaweza kupenda hivi na bado akafanya vile.

Gololi nimekufungia humu ndani ya barua, kwenye kitambaa. Ilikuwa ya kukaa na mimi mpaka nitakapoikabidhi fuawe, na sasa kazi yangu nayo imekwisha.

Jana nilikwenda tena kwa baba yako mdogo kumwambia siku ya safari yako imefika. Akasema atakuwa kwenye lango la nyuma la Mzee Saidi tangu alfajiri, aishike upande mmoja wakati wa kuipandisha kwenye lori, kwa sababu haibebeki na mtu mmoja na yeye uzito wake anaujua. Nikashukuru nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita. Alikuwa amesimama katikati ya zizi, miiba mkononi, na akaniuliza kwa sauti ndogo sana, mtu mzima yule:

"Shemeji, ataniamkia?"

Nikamwambia nitakuuliza.

Lori la Loliondo, litakalokushusha Digodigo, linaanza kupakia saa mbili. Wewe fika saa moja.

Mama yako